Kigoda cha Nani?

Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa katibu muhtasi wa walimu wa sheria hapa Dar es Salaam. Nilipiga chapa ratiba za makongamano, nikatengeneza vibao vya majina vya kuweka mezani, nikapokea wageni uwanja wa ndege. Ukikaa na watu hao muda mrefu utagundua jambo moja: profesa wa sheria kutoka Marekani hutembea na majina mawili. La kwanza ni lake, alilopewa na wazazi wake. La pili limo ndani ya cheo chake, na ni la mtu mwingine kabisa, mara nyingi marehemu, wakati mwingine mume na mkewe.

Chukua Wakenya wawili ambao maandishi yao yamepita sana mikononi mwangu. James Thuo Gathii alisomea sheria Nairobi, akaenda Harvard, na sasa ni profesa Chuo Kikuu cha Loyola mjini Chicago, kwenye kigoda chenye jina la Wing-Tat Lee. Kabla ya hapo alifundisha Albany, jimbo la New York, na huko cheo chake kilibeba jina la George Pataki, aliyekuwa gavana wa jimbo hilo. Makau Mutua, aliyefukuzwa chuo Nairobi akaja kumalizia sheria hapa kwetu, chuoni Mlimani, alibeba kule Buffalo jina la Floyd na Hilda Hurst. Sasa wewe una kibao cha upana wa kiganja, na mwenyekiti wa kikao anataka kila kitu kiandikwe kwa ukamilifu.

Siku moja nilimuuliza mgeni mmoja, mzee mcheshi, huyu mtu aliyemo kwenye cheo chake ni nani. Akacheka. Akasema ni wakili fulani aliyesoma pale zamani, akafa tajiri. Zaidi ya hapo hakuwa na habari. Miaka yote amekula kwa jina la mtu huyo na hamjui! Tangu hapo kila nikipata jina la namna hiyo nalitafuta, na tangu nistaafu nina muda wa kutosha wa kutafuta.

Jambo lenyewe linaitwa kigoda cha uprofesa, na aliyekulia pwani halimpi taabu. Kwetu Pangani kuna minazi ambayo hakuna mtu wa ukoo anayeweza kuiuza. Babu aliiweka wakfu kwa ajili ya msikiti. Nazi zinaanguliwa, zinauzwa, mikeka inanunuliwa, mnazi unabaki palepale. Kigoda nacho ni hivyo hivyo. Mhitimu, au familia yake baada ya yeye kufa, huikabidhi shule ya sheria fungu kubwa la fedha. Shule haili fungu hilo. Inaliwekeza kwenye hisa, hati fungani na majengo, na kila mwaka inachota sehemu ndogo ya thamani yake, kwa kawaida asilimia 4 hadi 5. Tuseme fungu ni dola milioni 4 na kinachochotwa ni asilimia 4.5. Hizo ni dola 180,000, mwaka huu na mwakani na miaka mia ijayo, mradi masoko yasianguke vibaya na wasimamizi wasisinzie. Kwa fedha hizo profesa analipwa mshahara wake, wote au nusu, anasafiri, anaajiri wanafunzi wa kumsaidia utafiti. Akistaafu anaingia mwingine. Jina halistaafu.

Mtoaji naye anapata nini? Anapata nafuu ya kodi, kwa sheria za kwao. Anapata hafla ya kumsimika profesa, na vyuo vingine humkabidhi huyo profesa kiti cha kweli, cha mbao, chenye nembo ya chuo. Asichopata siku hizi ni haki ya kumchagua atakayekikalia. Anaweza kusema kigoda kiwe cha sheria ya kodi, au ya mazingira, lakini hawezi kusema apewe mpwa wake.

Zamani masharti yalikuwa mepesi zaidi. Kigoda kilichowafungulia wengine njia ni cha Oxford, na kilitoka kwa mtu ambaye hata shahada hakumaliza. Charles Viner alisoma Oxford, akaondoka bila shahada, akatumia miongo ya maisha yake kukusanya na kupanga kesi za Uingereza katika vitabu 23, ambavyo alivichapisha nyumbani kwake Aldershot. Alipofariki mwaka 1756 aliwaachia Oxford mali yake, yapata pauni 12,000. Hadi wakati huo vyuo vya Uingereza vilifundisha sheria ya Kirumi na ya kanisa. Sheria waliyohukumiwa nayo Waingereza wenyewe ilijifunziwa nje ya chuo, kwa mawakili wa London. Fedha za Viner ndizo zilizoleta kigoda cha kwanza cha sheria ya Kiingereza, na mwaka 1758 William Blackstone akawa wa kwanza kukikalia. Mihadhara yake ilitoka katika vitabu vinne kati ya 1765 na 1769, ikavuka bahari hadi makoloni ya Marekani. Sheria ileile ndiyo waliyotuletea Waingereza Tanganyika baada ya vita vya kwanza vya dunia, na vijana wa Mlimani bado wanalitaja jina la Blackstone kwenye insha zao.

Marekani mfano huo uliigwa na Nathan Dane, wakili wa Massachusetts, mhitimu wa Harvard wa mwaka 1778. Naye alikusanya sheria za nchi yake katika vitabu, vikauzika. Mwaka 1829 alitoa dola 10,000 kuanzisha kigoda, kwa sharti kwamba wa kwanza kukikalia awe Joseph Story, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Shule ya sheria ya Harvard wakati huo ilikuwa mahututi. Inasimuliwa kwamba ilibakiwa na mwanafunzi mmoja. Story alikuja, akafundisha huku akiendelea na ujaji wake, na wanafunzi wakarudi. Huyu ndiye Story aliyeandika hukumu ya mwaka 1841 iliyowaachia huru Waafrika wa jahazi la Amistad. Na Dane mwenyewe, mwaka 1787 akiwa mbunge, ndiye aliyeandika kifungu cha kupiga marufuku utumwa katika maeneo mapya ya kaskazini ya mto Ohio. Kwa hiyo ukiuliza jina la Dane lilitoka wapi, jibu halimwaibishi mtu.

Lakini Harvard kulikuwa na kigoda cha zamani kuliko hicho, na hapo ndipo habari inapokuwa nzito.

Kiliitwa kigoda cha Royall. Kilianza mwaka 1815, miaka miwili kabla ya shule yenyewe kuwapo, na ndicho kilichozaa shule. Isaac Royall hakuwa mhitimu wa Harvard. Alikuwa tajiri wa Medford, karibu na Boston, aliyekimbilia Uingereza vita vya uhuru vilipoanza mwaka 1775, kwa kuwa alikuwa na uhusiano mwema na mfalme. Alifia huko mwaka 1781, na katika wasia wake aliiachia Harvard ardhi ya kumweka mwalimu wa sheria au wa tiba. Harvard iliuza ardhi, ikachagua sheria.

Utajiri wa Royall ulianza Antigua, kisiwa cha Karibi, kwenye shamba la miwa la baba yake. Baba mtu aliuza sukari, pombe ya ramu, na watu. Mwaka 1736 wenye mashamba wa Antigua walisema wamegundua njama ya watumwa kuasi. Watu 88 waliuawa, 77 kati yao kwa kuchomwa moto wakiwa hai. Mmoja wa waliouawa, Hector, alikuwa mtumwa wa Royall. Mwaka uliofuata familia ikahamia Massachusetts pamoja na watumwa wasiopungua 27. Nyumba yao ya Medford ipo hadi leo, ni makumbusho, na kando yake yamesimama makazi ya watumwa. Mtu anaweza kusimama mbele ya majengo yote mawili na kupima kwa macho.

Katika nyumba hiyo aliishi mwanamke aitwaye Belinda, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Belinda Sutton. Alieleza kwamba alizaliwa kando ya mto Volta, katika nchi ambayo leo ni Ghana, akatekwa akiwa mtoto. Mwaka 1783, Royall akiwa ameshakufa na mali yake iko mikononi mwa serikali, Belinda alipeleka ombi kwenye bunge la Massachusetts. Alitaka sehemu ya mali ile, kwa kuwa imetokana na jasho lake, ili ajitunze yeye na bintiye mgonjwa. Bunge lilimkubalia pauni 15 na shilingi 12 kwa mwaka. Fedha zikaja mwanzo, kisha zikasuasua, akarudi tena na tena kudai haki yake kwa miaka kumi.

Mimi nimeandika barua nyingi za kudai malipo katika kazi yangu, zangu na za wenzangu, na najua ombi la pili ni gumu kuliko la kwanza. Mama huyu alifika hata la mwaka 1793. Wakati huo ardhi ya bwana wake ilikuwa inasubiri kugeuka kigoda.

Kwa karibu karne mbili hakuna aliyelifanya hilo kuwa hoja. Mwaka 1936 Harvard iliichukua hata alama ya ukoo wa Royall, miganda mitatu ya ngano, ikaifanya nembo ya shule ya sheria. Mtu aliyepasua jipu alikuwa amekaa kwenye kigoda chenyewe. Mwaka 2006 Janet Halley alisimikwa kuwa profesa wa Royall, na desturi ni kwamba siku hiyo unatoa mhadhara. Wengi huzungumzia utafiti wao na kumshukuru mfadhili. Halley alisimama akasimulia fedha za kigoda chake zilitoka wapi, Antigua na Medford na Belinda. Bado nafikiri huo ndio uungwana wa hali ya juu ambao mwalimu anaweza kuwafanyia wasikilizaji wake. Miaka kama kumi baadaye wanafunzi walidai ile miganda iondolewe, na mwaka 2016 ikaondolewa. Mwaka 2017, shule ikitimiza miaka 200, liliwekwa jiwe la kuwakumbuka watumwa ambao kazi yao iliwezesha shule kuanzishwa.

Kuna jambo jingine, dogo kwa macho, ambalo mimi kama mtu wa vibao na vyeo nalipenda kuliko yote. Kwa desturi kigoda cha Royall kilikuwa cha mkuu wa shule. Elena Kagan alipokuwa mkuu mwaka 2003, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo, hakukichukua. Alikalia kigoda cha Charles Hamilton Houston. Hakuna tamko la fujo, hakuna maandamano. Jina kwenye kibao lilibadilika tu. Leo Kagan ni jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani.

Houston alikuwa nani? Mwana wa Washington, mjukuu wa watumwa, aliyezaliwa 1895. Alikuwa ofisa katika jeshi la Marekani vita vya kwanza vya dunia, na ubaguzi alioupata jeshini humo ndio uliomsukuma kwenye sheria. Harvard alikuwa Mweusi wa kwanza kuingia katika bodi ya wahariri wa jarida la sheria la wanafunzi, akahitimu 1922, akachukua udaktari mwaka uliofuata. Angeweza kutafuta fedha. Badala yake alikwenda kuongoza shule ya sheria ya Howard, chuo cha Weusi, ambayo ilikuwa ya jioni na haikuheshimiwa, akaigeuza kiwanda cha mawakili. Alikuwa mkali, wanafunzi waliogopa mitihani yake kama homa. Akachukua kamera ya sinema akazunguka vijijini South Carolina kupiga picha za shule za watoto Weusi na za Weupe, ili mahakama isiambiwe tu bali ioneshwe. Alifariki mwaka 1950, hajatimiza miaka 55, miaka minne kabla ya hukumu ya 1954 iliyofuta ubaguzi mashuleni. Aliyeshinda kesi hiyo ni mwanafunzi wake wa Howard, Thurgood Marshall.

Na Marshall huyo alifika kwetu. Januari 1960 alikuja Kenya kwa mwaliko wa Tom Mboya, kisha akaenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kama mshauri wa wajumbe Waafrika, akaandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya katiba ya Kenya huru. Mwenyewe alipenda kusimulia jinsi wakoloni walivyomzuia kuhutubia mkutano Kiambu. Akaomba aruhusiwe japo kuwasalimu watu kwa neno moja. Akaruhusiwa, akapanda juu ya gari, akapaza sauti: "Uhuru!"

Ukiyatazama hayo utaona kwamba kigoda kinaweza kubeba jina la namna mbili. Kuna jina lililonunuliwa na mwenyewe. John W. Sterling, mhitimu wa Yale wa 1864 na wakili wa yule tajiri wa reli Jay Gould, aliiachia Yale mamilioni ya dola alipofariki 1918, na hadi leo cheo cha juu kabisa cha profesa pale kinaitwa kwa jina lake, iwe umebobea kwenye sheria au kemia. Sioni ubaya. Mtu kutaka kukumbukwa ni ubinadamu. Halafu kuna jina lililowekwa na wengine, wanafunzi wa zamani, marafiki, mawakili waliochanga, au shule yenyewe, kwa ajili ya mtu ambaye hakuacha mali ya kulinunulia. Columbia kuna kigoda cha Ruth Bader Ginsburg, na mwaka wake wa kuhitimu, 1959, umeandikwa kando ya jina. Mwaka huo alimaliza akiwa kileleni mwa darasa lake na ofisi za mawakili za New York zikamkatalia kazi.

Jina la kununuliwa lina hatari yake. Chuo Kikuu cha Richmond, Virginia, kiliita shule yake ya sheria kwa jina la T.C. Williams, mfanyabiashara wa tumbaku aliyewahi kusoma pale, baada ya familia yake kutoa dola 25,000 mwaka 1890. Mwaka 2022 chuo kiliondoa jina kwa kuwa Williams alimiliki watumwa. Mtu mmoja wa ukoo huo akadai fedha zote zirudishwe pamoja na faida ya miaka mingi, na kwa hesabu zake zilifika dola bilioni 3.6. Chuo hakikulipa, lakini unaona jinsi mtu anavyoweza kulishika jina kama rehani. Kwa maoni yangu walistahili kuliondoa. Aliyetoa zawadi ametoa. Huwezi kumpa jirani kuku halafu wajukuu zako waje kudai vifaranga.

Sasa turudi Mlimani. Kitivo cha sheria ndicho kilichokuwa cha kwanza katika chuo chetu, kikafunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi ambao wangeenea kwenye basi dogo. Wametoka humo majaji wakuu wa nchi zaidi ya moja. Willy Mutunga wa Kenya ni mmoja wao. Tunacho kigoda kinachojulikana na kila mtu, Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilichoanza 2008, na wa kwanza kukikalia alikuwa mwanasheria, Issa Shivji, mhitimu wa kitivo hichohicho. Nilikuwa nikiona vijana wakijaa ukumbi wa Nkrumah hadi madirishani siku za mihadhara ya Kigoda, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba Waswahili hawajali mambo haya.

Ila Mwalimu alikuwa mkuu wa nchi na mkuu wa chuo. Jina lake lingewekwa tu. Ninaotaka kuwaona ni wale wa aina ya Houston. Julie Manning, kwa mfano, mmoja wa wanawake wa kwanza wa nchi hii kusomea sheria, jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu, waziri wa sheria tangu 1975. Ningefurahi kuandika kibao kinachosomeka profesa fulani, Kigoda cha Julie Manning cha Sheria ya Familia, hata kama herufi zingebanana.

Haihitaji dola milioni 4. Mawakili wenye ofisi kubwa za Upanga, Masaki na Nairobi ni wengi, na nyingi ya barua zenu za kuomba nafasi za kusoma nje nilizipiga chapa mimi. Kaeni pamoja darasa kwa darasa, changeni fungu ambalo faida yake itamlipa japo mhadhiri mmoja kijana, liwekeni kwa hati isiyoruhusu mtu kulila, na mtafute jina la mtu aliyewafundisha au aliyewatangulia bila kujipatia mali. Na kwenye hati hiyo andikeni waziwazi kila shilingi imetoka kwa nani na aliipataje.